Great Circle Mapper: kabla hujalipa tiketi ya mbali pitia hapa kwanza

Wadau mnaosafiri mbali au mna ndugu wanaosafiri, kuna tovuti inaitwa Great Circle Mapper (gcmap.com), ni ya bure kabisa, unaandika zile herufi 3 za kila kiwanja cha ndege inakuchorea njia fupi kuliko zote na umbali wake. Muonekano wa kizamani, haina mbwembwe, mimi naipendea hapo hapo.

Nimeirudia juzi kwa sababu ya binamu yangu yuko Dar anaenda New York, wakala mmoja wa tiketi kamwambia upitie Doha upitie Nairobi ni yale yale tu. Nikaandika DAR-NBO-JFK, DAR-DOH-JFK (DAR ni Dar, NBO Nairobi, DOH Doha, JFK New York), unaweka koma katikati na zote zinatoka pamoja kwenye ramani moja na jedwali lake chini. Kupitia Nairobi ni kama kilomita 12,500, kupitia Doha kama 14,600. Hiyo tofauti jamani ni zaidi ya Dar-Nairobi mara tatu! Halafu nikajaribu DAR-JFK tupu, ndege ambayo haipo, ikaja kama 12,440, maana yake ukipitia Nairobi unazunguka kidogo sana, haifiki hata kilomita 100, sasa huo uyale yale uko wapi?

Kitu kingine ni ule mstari wenyewe. Ukichukua rula kwenye ramani ya ukutani, Nairobi-New York utapita Nigeria, Mali, Mauritania huko. Hii inakuonyesha mstari umepinda, unapanda Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, unatokea Morocco ndo unaingia baharini, na huo uliopinda ndo mfupi kwa sababu dunia ni duara, ramani imelazwa tu. Mwanangu wa darasa la sita alikaa nao muda mrefu kweli, akaanza kuchomeka viwanja vyake mwenyewe.

Ila mjue umbali sio masaa. Kenya Airways wanaruka Nairobi-New York moja kwa moja tangu Oktoba 2018 na ndege aina ya Dreamliner, kwenda ni kama masaa 15 kurudi kama 14, kilomita ni zile zile, ila upepo wa huko juu unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki kwa hiyo ukirudi unakusukuma. Tovuti haikupigii hesabu ya upepo, wala anga iliyofungwa kwa vita, wala masaa ya kukaa transiti, hayo uangalie kwenye tiketi yenyewe. Na bei pia, binamu akikuta ya Doha imeshuka sana aende nayo tu, ila ajue anazunguka kiasi gani.

Mkiingia badilisheni maili ziwe kilomita kwanza, chaguo lipo hapo hapo. Na kwa wanaopenda haya mambo andikeni 8000km@NBO, inachora duara la kila sehemu iliyo ndani ya kilomita 8,000 kutoka Nairobi, London imo. Halafu wekeni SIN-JFK muone ile ya Singapore hadi New York, zaidi ya kilomita 15,300, watu wanakaa angani masaa kama 18, hapo ndo utaona hii yetu ina nafuu.