Malbec, Carménère, Pinotage, Chenin: chupa nne mezani Kampala

Karibuni watazamaji wangu, mlioko Kampala, Jinja, Arua, Busia, na ninyi wa ng'ambo ya mpaka mnaotufuata kwa Kiswahili chetu. Leo mezani kuna mvinyo. Chupa mbili za Amerika Kusini, mbili za Afrika Kusini. Aliye chini ya miaka 18, hii si yake. Na wenzetu ambao dini au afya haiwaruhusu, tutaonana kwenye video nyingine, hatujatupana.

Mzozo wenyewe mnaujua. Wakikaa watu watatu hapa mjini ikaja chupa mezani, mmoja atasema mvinyo wa Afrika Kusini una moshi, hauwezi. Wa pili atasema wa Chile unanuka majani. Wa tatu atasema yote michungu, apewe wenye sukari. Na kila mmoja anashangaa mwenzake ana ulimi gani. Mimi nawaamini wote watatu. Walichokionja ni hicho kweli. Kosa liko kwenye hukumu: mtu ameonja zabibu ya aina moja, tena ya bei ya chini, halafu anaifungia nchi nzima mlango. Ndiyo maana leo nazungumzia zabibu na mahali zinapolimwa, na majina ya kampuni siyataji kabisa. Nataka ukiingia dukani ujue utafute nini kwenye lebo. Zote nimezinunua kwa pesa yangu, kati ya shilingi 45,000 na 70,000 kwa chupa.

Kabla sijafungua hata moja, nizungumze joto, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu linatuharibia mvinyo kila siku. Tumeambiwa mvinyo mwekundu unanyweka bila kupoozwa. Ushauri huo ulitoka kwenye nyumba za nchi za baridi, ambako sebuleni ni nyuzi 16 au 18. Sebule ya Kampala saa tisa mchana inafika nyuzi 26, 27. Mvinyo wa joto hilo unapandisha alkoholi puani, unaunguza koo, na utamu wa tunda unapotea. Weka chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina. Mweupe uache saa mbili. Ukiacha yote niliyosema leo, shika hili.

Na chagua chupa iliyolala kivulini. Hizi chupa zimevuka bahari hadi Mombasa, zikapandishwa lori, zikasubiri mpakani Malaba au Busia, ndipo zikatufikia. Safari inatosha. Duka likiiweka tena dirishani juani miezi kadhaa, mvinyo unapikika ndani ya chupa, unakuwa na ladha ya zabibu kavu zilizochemshwa. Ukiona kizibo kimesukumwa juu kidogo, au kuna michirizi ya kunata shingoni, irudishe kwenye rafu.

Haya, tufungue. Naanza na Malbec ya Mendoza, Argentina.

Tazameni rangi hiyo. Zambarau nzito, karibu nyeusi, na ukiinamisha glasi ukingoni kuna urujuani. Nikinusa napata jambula, jambula zile zilizoiva hadi zikaanguka zenyewe. Nikimeza, ukakasi upo lakini ni laini, haukwangui ulimi. Katikati kuna tunda tele, mwisho kuna kachokoleti kadogo.

Zabibu hii asili yake ni kusini magharibi mwa Ufaransa, upande wa Cahors, ambako mvinyo wake ni mgumu zaidi kuliko huu. Aliyeipeleka Argentina ni mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget, mwaka 1853. Huko Mendoza ikapata nchi iliyoipenda. Ni jangwa lililo chini ya milima ya Andes. Mvua ya mwaka mzima ni milimita 200 hivi, kwa hiyo mashamba yanamwagiliwa maji ya theluji inayoyeyuka milimani. Mashamba mengi yako kati ya mita 700 na 1,500 juu ya bahari. Kampala yetu iko kwenye mita 1,200 au karibu, lakini huku mvua na joto la mwaka mzima havimpi mzabibu usingizi anaoupata wakati wa baridi. Kule mchana jua ni kali, ganda la zabibu linanenepa na kushika rangi; usiku baridi inaingia, uchachu hauishi. Watu wa Kabale wanaujua usiku wa namna hiyo.

Hii niliinywa na muchomo wa mbuzi, ule wa kuchomwa na mafuta yake, chumvi, kachumbari pembeni. Mafuta ya nyama yanalainisha ukakasi, ukakasi nao unasafisha mafuta mdomoni. Shemeji yangu hataki kingine. Akiiona Malbec mezani anaanza kuuliza mbuzi yuko wapi. Dada yangu naye anaichoka kwenye glasi ya pili: anasema ni nzito, imejaa, na alkoholi ya asilimia 14 inamlaza mapema. Namwelewa. Malbec za bei hii hutengenezwa ziwe nono na za kupendeza haraka, na mtu anayependa mvinyo mwepesi wenye uchachu hatapata raha hapo. Ukitaka iliyochangamka zaidi, angalia kama lebo imeandikwa Valle de Uco. Huko mashamba yako juu zaidi, na mvinyo wake una ubichi fulani mzuri.

Ya pili, Carménère ya Chile, kutoka bonde la Colchagua.

Hii nusa kwanza. Hoho. Pilipili hoho mbichi uliyoikata sasa hivi. Ndiyo hayo majani watu wanayoyalalamikia, na hayatokani na uchafu wowote, ni kemikali ya asili iliyomo kwenye zabibu yenyewe. Inapungua kadiri zabibu zinavyoiva. Carménère huchelewa sana kuiva, na mkulima akivuna mapema, hoho inatawala chupa nzima. Akisubiri, inabaki kwa mbali, na nyuma yake yanakuja matunda meusi na viungo vilivyokaangwa.

Kisa chake nakipenda mno. Zabibu hii ni ya Bordeaux, ikapelekwa Chile karne ya 19. Baadaye mdudu wa filoksera akaangamiza mizabibu ya Ulaya, na Carménère ikakaribia kusahaulika kwao. Chile, iliyozingirwa na Andes, bahari ya Pasifiki na jangwa la kaskazini, mdudu yule hajaivamia mpaka leo. Lakini Wachile wenyewe walikuwa wakiilima Carménère wakidhani ni zabibu nyingine, Merlot, miti imechanganyika shamba moja. Mwaka 1994 mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, akiwa kwenye shamba moja huko bonde la Maipo, ndipo alipoitambua. Hebu fikiria mtu unamwita kwa jina la mwenzake zaidi ya miaka mia moja naye anaitika!

Kwangu mimi chupa hii ni nzuri na kunde, na sosi ya nyanya yenye hoho, na nyama ya ng'ombe iliyochemshwa na vitunguu vingi. Ikinywewa tupu, hapana. Inahitaji chakula. Jirani yangu mzee, mtu wa Tororo, anaiweka juu ya zote nne, na sababu yake ni hiyo hiyo hoho inayowafukuza wengine. Anasema inamfungulia njaa.

Sasa tuvuke bahari. Pinotage ya Stellenbosch, Afrika Kusini, na hapa ndipo nyumba yetu inapogawanyika.

Pinotage ni mtoto wa Afrika. Mwaka 1925, Abraham Izak Perold, profesa wa Stellenbosch, alichanganya aina mbili za zabibu, Pinot Noir na Cinsaut, akapata mbegu chache tu akazipanda kwenye bustani ya nyumba ya chuo. Alipoondoka, bustani ikaota magugu, na miche nusura ing'olewe itupwe. Ikaokolewa. Chupa ya kwanza kuuzwa kwa jina la Pinotage ilikuwa ya mavuno ya 1959, ikaingia sokoni 1961.

Kwa muda mrefu Pinotage ilikuwa na sifa mbaya, na haikuwa uonevu. Zabibu hii huchachuka haraka na kwa joto kubwa, na asiyeidhibiti anapata mvinyo wenye harufu ya rangi ya kucha, ndizi mbivu kupita kiasi, hata mpira uliochomwa. Shemeji alikutana na ya namna hiyo zamani, akaapa. Nimemimina hii leo mbele yake. Harufu mbaya hizo hamna. Kuna cheri nyeusi, kuna udongo uliolowa, kuna moshi mwepesi wa kuni. Akaonja, akafikiri, akasema ni safi lakini haipendi. Moshi haumpi raha. Basi, amemaliza, na mimi simbembelezi mtu juu ya ulimi wake.

Mimi naipenda, nasema wazi. Moshi ule ukikutana na samaki wa kukaushwa kwa moshi ndani ya mchuzi wa karanga, chakula kinapata sakafu na paa. Ni mwekundu pekee hapa mezani unaovumilia karanga. Malbec na karanga zinagombana, zote mbili zinataka kukaa katikati. Na Pinotage hii ina uchachu unaoamsha mdomo, unarudi kwenye kijiko bila kushiba mapema.

Wengi mmewahi kuona Pinotage zile zenye harufu ya kahawa na chokoleti. Mtu akaniuliza wanatia kahawa kiasi gani. Hawatii. Mbao za mwaloni zinachomwa hadi zikolee, mvinyo unakaa nazo, na harufu ya kahawa inatoka kwenye mbao. Mitindo hiyo ilianza kuenea miaka ya 2000, na kuna wapenzi wa mvinyo wanaoidharau. Sisi ni nchi ya kahawa, tuna arabika ya Elgon, dada yangu akinusa chupa hiyo anacheka peke yake kwa furaha. Anaipenda kuliko zote, na sioni sababu ya mtu kumwaibisha. Ila ajue: kwenye mvinyo huo mbao zinasema zaidi kuliko shamba.

Kuhusu mvinyo wenye sukari, nipite haraka. Wengi wetu tuliingilia mlango huo, chupa tamu za Afrika Kusini, na ni mlango halali. Ila usidhani ndiyo Afrika Kusini yote. Ukitaka kutoka huko taratibu, usirukie mwekundu mzito. Njoo kwenye hii ya nne.

Chenin Blanc, ya Swartland, kaskazini mwa Cape Town. Zabibu hii ina asili ya bonde la Loire, Ufaransa, na huko Afrika Kusini ndiyo inayolimwa kwa wingi kuliko zabibu nyingine yoyote. Swartland kuna mizabibu mizee, haimwagiliwi maji, inazaa kidogo na zabibu zake zina ladha iliyokolea. Mkondo wa baridi wa Benguela unapita pwani, na upepo wake unapunguza joto la mchana.

Rangi ni dhahabu nyepesi. Harufu: tofaa, nanasi, asali kwa mbali. Ukinusa unategemea sukari. Ukimeza hakuna sukari, kuna uchachu na chumvichumvi fulani ya jiwe. Ndiyo maana nawashauri wanaopenda tamu waanzie hapa, pua inapata utamu iliyouzoea na ulimi unajifunza pole pole.

Niliijaribu na samaki ngege wa kukaanga, limao juu. Niliijaribu na luwombo ya kuku, ile inayofunguliwa jani mvuke ukatoka. Kote ilisimama. Kwa chakula chetu, ambacho mara nyingi ni laini, cha mvuke, cha matoke na mchuzi, mvinyo mweupe wenye uchachu unafaa kuliko mwekundu wowote niliofungua leo, na nitalisema hata mbele ya shemeji na mbuzi wake. Tunanunua mwekundu kwa sababu ya heshima yake, halafu tunaunywa na samaki, halafu tunasema mvinyo mchungu.

Kwa hiyo mimi nikibaki na shilingi 50,000 na wageni wanakuja kula luwombo, nachukua Chenin. Wakija kwa muchomo, Malbec. Mzee wa Tororo akiwemo, Carménère, na hoho ziwe za kutosha kwenye kachumbari. Pinotage naificha kabatini ya Jumapili, siku ya samaki wa moshi.

Niambieni ninyi mnakunywa na chakula gani. Hasa ninyi wa Arua na West Nile: nataka kujua angara, wale samaki wenu wa kukaushwa, nani kati ya hizi nne anawaweza.