Mafuta ya petroli au ya mimea ndani ya transfoma?

Transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani kwako Kayole imejaa mafuta. Yanazuia umeme usiruke kati ya waya na waya, na yanatoa joto nje. Mengi hutokana na petroli: yakiwa mapya ni maangavu karibu kama maji, yakichakaa yanakuwa rangi ya chai ya mkandaa. Ni mepesi, bei nafuu, na mafundi wameyazoea. Ila yakifika kama digrii 170, cheche au mwali ukiyagusa hushika moto na kuendelea kuwaka.

Ya mimea, kwa mfano ya soya, huvumilia hadi zaidi ya digrii 300. Hilo pekee lanitosha kuyachagua kwa transfoma iliyo chini ya ghorofa za watu, kama mtaa wa Pipeline, Nairobi, ambako nyumba zimebanana hadi jua halipenyi. Na kuna jingine lisilosemwa sana: yanafyonza unyevu kutoka kwenye karatasi inayofunika waya. Karatasi ikikaa kavu, transfoma inadumu. Yakimwagika, vijidudu vya udongo huyamaliza upesi.

Lakini ni ghali, ni mazito, na hewa inayaharibu: huganda polepole, kwa hiyo tangi lazima lifungwe kabisa. Kwa transfoma kuukuu inayopumua hewa ya nje, ningebaki na ya petroli.

Yote mawili si ya kukaangia chipsi, jamani. Transfoma za zamani huenda zikawa na PCB, sumu iliyodhibitiwa na Mkataba wa Stockholm wa 2001, na haiondoki kwa kuchemshwa.