Nilimpeleka bibi kuona nguo za kale, akakemewa kwa kuzijua

Nilikusudia kuandika sifa tupu. Jumba lenyewe la makumbusho ni dogo, liko hapa Dodoma mjini, na jina lake sitalitaja kwa sababu ugomvi wangu ni na kijana mmoja na kibao kimoja, ingawa kadiri ninavyoandika naona ugomvi unazidi kupanuka. Nilikwenda na bibi yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Bahi kutolewa mtoto wa jicho, nikiamini kwamba kuona kaniki, zile nguo nyeusi za pamba, na merikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, vya zamani kungemchangamsha kuliko kushinda sebuleni akisikiliza redio.

Mlangoni tulimkuta kijana ameinamia simu. Hakutoa shikamoo. Bibi wa miaka zaidi ya 80 amesimama mbele yake na fimbo mkononi, naye anauliza, "Tiketi mbili?" bila hata kuinua uso. Bibi ndiye aliyeanza kumsalimu, "Mbukwa", na kilichomjibu ni mlio wa mashine ya risiti.

Niseme haki: chumba cha kwanza ni kizuri, na nilisahau hasira kwa muda. Kinaeleza jinsi pamba iliyolimwa na watumwa kusini mwa Marekani ilivyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikaletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa huko huko Massachusetts, kisha ikabebwa mabegani na wapagazi mpaka huku kwetu Ugogo, ambako misafara ililazimika kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi ili ipite na ipate maji, na hongo hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa nguo. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, viliwahi kuwanyima watu wa pwani na bara kitambaa, wala kwamba jina "merikani" liliendelea kutumika hata nguo ilipokuwa ikitoka kwingine. Kwa chumba hicho peke yake ningewashauri watu waende.

Cha pili ndicho kilichoniharibia siku. Kuna meza iliyo wazi, haina kioo wala kamba wala tangazo la kukataza kugusa, na juu yake kimetandazwa kipande cha merikani. Kibao chake kinasema: "Doti moja, mikono minne." Nilimsomea bibi kwa sauti, kwa kuwa macho yake bado hayajatulia. Akanyamaza kidogo, akaegemeza fimbo mezani, akaweka kiwiko kwenye ukingo wa kitambaa na kunyoosha vidole, akahesabu mmoja. Akahamisha kiwiko pale vidole vilipoishia, akahesabu wa pili. Alipofika wa nne kitambaa kikawa kimekwisha. "Hii ni shuka," akasema. "Doti ni mbili siku zote."

Alikuwa sahihi kabisa. Katika hesabu za misafara, shuka ilikuwa mikono minne na doti ilikuwa mikono minane, yaani shuka mbili, na mpaka leo mwanamke yeyote anayenunua kanga anajua kwamba doti ni jozi. Unaweza usijue lolote kuhusu Salem, lakini huwezi kuuza wala kuvaa kanga ukakosea hilo.

Nikiwa bado nacheka kwa furaha, yule kijana akaja mbio kutoka mlangoni. "Wewe mama, toa mkono hapo! Hicho si kitambaa cha sokoni!" Akamsogeza bibi kwa kumshika bega. Nilijaribu kumwonyesha kibao, nikamweleza habari ya mikono minne na minane, akanijibu kwamba vibao viliandikwa na wataalamu. Nikauliza msimamizi yuko wapi, akasema ametoka.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba bibi aliomba radhi. "Nisamehe mjukuu wangu, nilikuwa napima tu," akasema, akachukua fimbo yake, na tangu hapo akaweka mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa. Tulipofika kwenye kaniki, ambayo alikuwa ameanza kunisimulia tukiwa njiani jinsi ilivyowachujia rangi mabegani wakinyeshewa walipokuwa wasichana, hakusema neno hata moja. Mtu pekee ndani ya jengo lile aliyewahi kuivaa nguo ile akapita mbele yake kimya, na mimi niliyelipa kiingilio nikabaki kusoma maelezo yaliyobandikwa ukutani.

Hapo awali nilikuwa nimeandika "msiende", kisha nikafuta, kwa sababu chumba cha kwanza kimeandaliwa kwa akili na sitaki watoto wa shule wakikose. Sasa nikikumbuka lile bega nataka kuliandika tena. Basi nendeni, lakini msimpeleke mzee wenu kama kijana yule bado yupo, na mkimpeleka, mwacheni apime.

Jirani yangu alipita pale siku chache baadaye, nami nilikuwa nimemwomba aangalie. Ameniambia kwamba mezani sasa kuna tangazo kubwa la kukataza kugusa, na kwamba kibao bado kinasema doti moja, mikono minne.