Kuitafuta meli isiyoonekana Rufiji: uzoefu wangu

Nianze na la msingi, mtu asije akanilaumu: kama unategemea kuiona manowari ya Mjerumani ya Vita vya Kwanza vya Dunia imelala mtoni upige nayo picha, hela yako ibaki mfukoni. SMS Königsberg haipo tena. Vyuma vyake vingine viliondoka kama chakavu, vingine vimemezwa na tope. Unacholipia kwenye safari hii ni maji, mikoko na hadithi. Mimi nimerudi nimeridhika, ingawa kuna jambo limenikera.

Tulitoka Dar alfajiri kupitia Mbagala, tukakunja Bungu kuelekea Nyamisati, pale wanapopandia boti watu wa Mafia. Gari zima, chai na chapati zilikuwepo. Boti ni ya faiba, injini moja. Maboya yapo, ila langu lilikatika mkanda ikabidi nilifunge kwa kamba ya nailoni. Hilo warekebishe. Kivuli hakuna, choo sahau.

Sasa hadithi. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliivizia HMS Pegasus, manowari ya Mwingereza, pale Zanzibar ikiwa kwenye matengenezo, ikaizamisha. Mitambo yake yenyewe nayo ikaanza kusumbua, ikajichimbia ndani ya delta ya Rufiji, na Waingereza wakabaki kuisaka baharini. Meli ya zaidi ya mita 110! Ncha za milingoti zilishushwa, matawi yakafunikwa juu, mikoko ikamaliza kazi. Kilichoiumbua kwanza ni makaratasi. Kwenye meli moja ya Kijerumani iliyokuwa Lindi, Waingereza walikuta nyaraka zinazoonyesha makaa ya mawe yamepelekwa Salale. Makaa ya kazi gani Salale, kijiji cha mikokoni? Mwisho wa Oktoba manowari ya Mwingereza HMS Chatham ikaipata.

Nilikuwa nadhani hilo la kufichika limetiwa chumvi kidogo. Tukaingia kijito kimoja, maji yanajaa, kapteni wetu, mzee mwenyeji wa hukohuko, akazima injini. "Haya wajukuu zangu, hapa kuna watu. Nionyesheni." Tukakodoa macho. Mizizi tele, mikoko aina ya mililana na mikandaa, giza la majani. Dada mmoja akaonyesha gogo. Kapteni akacheka. Mara mtu akakohoa, karibu kiasi cha kumrushia chungwa. Wavuvi wawili ndani ya mtumbwi, wanakula, wanatuangalia tangu tunaingia. "Shikamoo mzee," wakasema, naye akaitikia marahaba kana kwamba hakuna la ajabu lililotokea. Hapo nilipata thamani ya nauli yangu.

Kuiona meli ni jambo moja, kuifikia ni jingine. Manowari kubwa za Mwingereza zingekwama. Ndipo akaletwa P. J. Pretorius, mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini aliyeijua nchi hii na mwenye kisasi chake na Wajerumani. Jua na malaria vilishamkausha ngozi, na kwa masimulizi yake mwenyewe alijifanya mfanyabiashara wa Kiarabu, akasogea hadi akaiona meli. Kisha akaingia mitoni kwa mtumbwi usiku, anapima kina kwa upondo, mkondo mmoja baada ya mwingine, akifuatilia maji yanavyojaa na kupwa, mpaka akapata njia. Muongozaji wetu anaisimulia sehemu hii vizuri mno, kijana ana kipaji, anaigiza hadi namna ya kushika pumzi doria inapopita.

Lakini ndiyo hiyo iliyonikera. Ukimsikiliza utadhani delta nzima ilikuwa na mtu mmoja. Mtumbwi alipiga nani kasia? Nani alimwambia bamvua, yale maji makubwa, linaingiaje mto huu na siyo ule? Vipuri vya mitambo ya Königsberg vilibebwa kwenda Dar es Salaam kutengenezwa na kurudi; mabega ya nani? Nikamuuliza, akasema hilo halimo kwenye maelezo aliyopewa. Kapteni akadakia toka nyuma: "Mzungu hapimi maji ya Rufiji bila mtoto wa Rufiji." Basi. Yule mzee wangempa yeye kipaza sauti. Pretorius, jasusi huyo, alikuwa haonekani kwa Wajerumani tu. Wenyeji walimwona, na waliamua nani aambiwe nini.

Mwisho wa meli ulisimuliwa harakaharaka maana maji yalianza kupwa. Zililetwa HMS Severn na HMS Mersey, meli bapa ambazo hata mita mbili za maji zinazitosha. Shambulio la tarehe 6 Julai 1915 halikufua dafu. Tarehe 11 wakarudi, ndege iliyotoka Mafia ikiwaelekeza makombora yao yanapoangukia. Ndege ilipigwa ikaangukia mtoni, lakini ujumbe ilishatuma. Max Looff, kapteni wa Königsberg, akaamuru meli yake ilipuliwe. Mizinga yote kumi ikaopolewa ikaendelea na vita nchi kavu; mmoja ulifungwa kwenye Graf von Götzen, ndiyo hiyo meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Muongozaji hakuitaja Liemba kabisa, nashangaa, maana abiria wote tungeshtuka. Ukitaka kuushika mzinga wa Königsberg kwa mkono, nenda Mombasa, upo Fort Jesus.

Chakula cha mchana: wali wa nazi na kamba, safi sana, kingi.

Nyota nne. Ukipiga simu kuweka nafasi, uliza kwanza tarehe ya bamvua upange siku hizo. Kundi lililotutangulia lilikwenda maji mafu, yaani maji yasipojaa sana, vijito vya ndani hawakuingia, waliishia kuzunguka mkondo mkubwa tu na bei ni ileile. Na uombe kapteni awe yule mzee.