Uzoefu wangu: adapta za kufunga rimu za Mark X kwenye Toyota 86, hapa Tanga

Toyota 86 ni gari la spoti lililobuniwa kwa ushirikiano wa Toyota na Subaru na kuingia sokoni mwaka 2012, na ushirikiano huo ndio chanzo cha tatizo linalomkuta kila mmiliki wa gari hili siku anapotaka kubadilisha rimu. Ingawa lina nembo ya Toyota, habu yake, yaani sehemu ya chuma ambayo rimu hufungwa juu yake, imefuata vipimo vya Subaru: bolti 5 kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100, tundu la kati la rimu lenye milimita 56.1, na nyuzi za bolti za M12x1.25, yaani bolti nene milimita 12 ambayo nyuzi zake zimeachana milimita 1.25. Rimu nzuri za mitumba ambazo fundi atakuonyesha kwanza, yaani zile za Mark X, Crown na Altezza, zina matundu 5 kwenye duara la milimita 114.3, tundu la kati la milimita 60.1, na hutumia nati za M12x1.5. Ukizitazama zikiwa zimepangwa ukutani huwezi kuona tofauti yoyote, na muuzaji asiye makini atakuapia kwamba “za Toyota zote ni moja”.

Mimi nilipata seti ya rimu za Mark X za inchi 18, upana wa inchi 8, zenye alama ya ET50 mgongoni (yaani uso unaokaa kwenye habu uko milimita 50 nje ya katikati ya upana wa rimu; ET ikipungua, gurudumu linatoka nje zaidi), zisizo na ufa wala kupinda, kwa bei ambayo isingeninunulia hata rimu mbili mpya za duara la 100. Kabla ya kulipa nilizipima mwenyewe, na ningependa kila mnunuzi ajue jinsi ya kupima, kwa sababu rimu ya matundu 5 haina tundu linalokabiliana na jingine, hivyo rula haiwezi kukupa kipenyo moja kwa moja. Unapima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani yake: ukipata milimita 58.8 hivi, duara ni la 100, ukipata 67.2, duara ni la 114.3. Tofauti hiyo ya milimita 8 inaonekana wazi hata kwa futi ya kamba ya fundi seremala.

Pendekezo la kwanza nililopewa, katika gereji ambayo sitaitaja, lilikuwa kutanua matundu ya rimu kwa kekee hadi yazifikie bolti za habu. Nalieleza kwa kirefu kwa sababu nimeliona likifanyika na ni jambo la hatari kubwa. Ukigawanya kwa mbili tofauti ya vipenyo, kila bolti iko milimita 7.15 ndani zaidi ya pale tundu lilipo, kwa hiyo tundu la mviringo litageuka kuwa mwanya mrefu, na kitako ambacho nati ilikusudiwa kukalia kitaliwa chote upande mmoja. Wengi hudhani kwamba bolti ndizo zinazobeba gari kama misumari inavyobeba picha ukutani, lakini kazi yake hasa ni kuvutana na nati ili rimu ibanwe dhidi ya uso wa habu, na ni msuguano wa nyuso hizo mbili unaopokea nguvu za breki, za kona na za mashimo. Nati isiyo na kitako kizima haiwezi kudumisha mvutano huo. Italegea kidogo kidogo, rimu itaanza kuchezacheza, na hapo bolti zitapinda kwa kila mzunguko wa gurudumu hadi zikatike. Mzee mmoja fundi wa Ngamiani, nilipomweleza wazo hilo, alishika rimu, akaitazama mgongoni, kisha akaniuliza swali moja tu: “Mwanangu, sasa hapo nati itakaa wapi?” Niliamua papo hapo kwamba kazi yangu ataifanya yeye.

Hatari ya namna hiyo ni kubwa zaidi pale vipimo vinapokaribiana. Rimu ya duara la 112, kama zile za Mercedes-Benz na Audi, inaweza kulazimishwa ikaingia kwenye habu ya 114.3 kwa sababu kila bolti imekosana na tundu lake kwa milimita 1.15 tu. Itaingia, nati zitakazwa, na dereva ataondoka akiamini kuwa yuko salama, ilhali nati zote zimekaa upande. Angalau rimu ya 114.3 inakataa kabisa kuingia kwenye habu ya 100, na kukataa huko kunamlinda mtu.

Adapta ninayoieleza hapa ni sahani nene ya aloi ya alumini. Inafungwa kwenye habu kwa nati zake yenyewe kupitia matundu ya duara la 100, na usoni ina bolti zake 5 za duara la 114.3 ambazo ndizo zinazopokea rimu. Niliagiza kwa msambazaji wa Dar es Salaam zilizochongwa kwa vipimo vya gari langu na rimu zangu: tundu la ndani la milimita 56.1 linaloshika kitovu cha habu bila kuacha nafasi, mdomo wa nje wa milimita 60.1 unaoingia kwenye tundu la rimu, nati za M12x1.25 upande wa habu na bolti za M12x1.5 upande wa rimu. Midomo hiyo miwili ndiyo inayotofautisha adapta ya kuaminika na ile ya bei rahisi yenye tundu kubwa la jumla, ambayo huachia bolti peke yake kazi ya kuiweka rimu katikati. Zangu zina uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja kila moja, uchongaji wake ni safi, na jina la aloi limegongwa pembeni. Kwa ubora wa kitu chenyewe sina lawama.

Unene ulihitaji kufikiriwa zaidi. Nilitamani za milimita 20, lakini fundi alipopima urefu wa bolti za habu aliona kwamba ncha zake zingechungulia nje ya uso wa adapta na kuisukuma rimu isilale vizuri, na suluhisho lingekuwa kuzikata bolti hizo, jambo ambalo lingeniharibia nafasi ya kurudisha rimu za awali. Tulichagua za milimita 25. Maana yake ni kwamba ET50 ya rimu inakuwa ET25, na ukijumlisha na upana ulioongezeka kutoka inchi 7 hadi 8, ukingo wa nje wa gurudumu umetoka milimita 36 hivi kuliko rimu za kiwandani zenye ET48. Kwa matairi ya 225/40R18 gurudumu bado limo ndani ya madigadi, na upande wa shokapu nafasi imeongezeka kwa milimita 10. Mwenye gari lililoshushwa asichukue hesabu yangu bila kupima lake.

Ufungaji ulichukua muda kwa sababu mzee hakuharakisha kitu. Alisugua kutu yote kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, akapaka grisi kidogo kwenye kitovu tu, akaziacha nyuzi zikiwa kavu, kisha akakaza nati za adapta kwa mpangilio wa nyota hadi nyutoni-mita 120 kwa spana yenye kipimo. Rimu za aloi za Toyota mara nyingi hutumia nati zenye shingo na washa bapa, wakati adapta nyingi zinakuja na nati za koni, na alihakikisha kila nati imekwenda kwenye kitako chake. Baada ya kilomita kama mia moja rimu zilifunguliwa na nati za ndani zikapimwa tena. Hatua hii ya pili ndiyo watu wanaoiruka, kwa kuwa nati za ndani hazionekani rimu ikiwa imefungwa.

Barabarani, kutoka Tanga kupita Muheza hadi Segera, usukani ulitulia kabisa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa ambapo magurudumu yasiyokaa katikati huanza kutetemeka. Kwenye kona za kupanda Lushoto kutoka Mombo gari linashika vizuri, ila usukani umekuwa mzito kidogo, na ukikanyaga shimo kwa gurudumu moja unahisi mkono ukivutwa kuliko zamani. Hilo ni tokeo la gurudumu kusogea nje ya mhimili wake, na linamaanisha pia kwamba beringi zinabeba mzigo ulio mbali zaidi. Nimekubali kuzikagua mara kwa mara, lakini gari la mashindano nisingelifunga hivi.

Jambo moja linatuhusu sisi wa pwani hasa. Alumini ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi huliwa, na gari linalolala Raskazone halikosi hewa ya bahari. Nilipozifungua adapta baada ya masika nilikuta unga mweupe kwenye mshono wa adapta na habu, ingawa chini yake chuma kilikuwa kizima. Zisiposafishwa zitagandamana kiasi cha kuhitaji nyundo, na nyundo haifai kwenye habu yenye beringi.

Kuhusu bei, adapta nne zimenigharimu karibu theluthi moja ya thamani ya rimu, na kwa kazi zinayoifanya naiona ni bei ya haki. Mwenye uwezo wa kununua rimu za duara la 100 zenye ET inayofaa afanye hivyo, kwa sababu kila kiungo kinachoongezwa kati ya gari na barabara kinadai uangalizi wake.

Jambo ambalo msambazaji hakulieleza, na lingepaswa kuandikwa kwenye boksi, ni tairi la akiba. Tairi langu la akiba ni la duara la 100, hivyo haliwezi kufungwa juu ya adapta. Pancha ikitokea njiani ni lazima adapta ya gurudumu hilo itolewe kwanza, na nati za ndani na za nje hazitumii soketi moja. Ndiyo maana ndani ya buti naweka soketi ya 19, soketi ya 21, spana ndefu, na zile nati za awali za M12x1.25 zilizokuja na gari.