Uzoefu wangu na Notepad++: ngâ€™ombe wamerudi kuwa ng'ombe

Jamani hii programu nimeitumia miaka kama 4 hivi kuandikia vitu vya kawaida tu, ila wiki iliyopita ndo nimeijua vizuri. Nina faili la hadithi za watoto ninazokusanya, nikalihamisha kutoka programu nyingine, kulifungua nakuta kila penye ritifaa pameharibika, ng'ombe imekuwa ngâ€™ombe, ng'ambo imekuwa ngâ€™ambo, ng'ang'ania ndo usiseme. Sasa mtoto utamsomea nini hapo?

Nikaanza kutafuta na kubadilisha, natoa â€™ naweka ', ikakubali, nikafurahi, kushuka chini nakuta â€œ kila mhusika anapoanza kuongea, na zile dashi nazo zina uchafu wake mwingine. Nikaona hapana, hii nitakesha, nikarudisha kama ilivyokuwa.

Kumbe herufi zenyewe zilikuwa bado zipo. Ritifaa ile iliyopinda kwenye UTF-8 (enkodingi, yaani namna ya kuhifadhi herufi kama namba, inayobeba herufi za lugha zote) inashika baiti 3, E2 80 99, sasa programu ikidhani faili ni Windows-1252 (enkodingi ya zamani yenye herufi chache, kila moja baiti 1) inasoma kila baiti kama herufi inayojitegemea: E2 inakuwa â, 80 inakuwa €, 99 inakuwa ™. Ndo maana uchafu unakuja tatu tatu.

Dawa iko kwenye menyu ya Encoding na hapa tulia kidogo, maana ina sehemu mbili zinazofanana sana. Za juu zinaiambia programu isome faili kwa namna gani, baiti haziguswi. Za chini zenye neno Convert zinabadilisha baiti zenyewe. Faili likiwa limesomwa vibaya tu, chagua UTF-8 ya juu basi. La kwangu lilikuwa limeshaseviwa na uchafu wake humo humo kwenye UTF-8, kwa hiyo hiyo peke yake haikusaidia kitu, ikabidi kwanza Convert to ANSI (kwangu ANSI ndo hiyo Windows-1252) halafu ndo UTF-8 ya juu. Aisee, ukurasa mzima ukasafika mara moja, ng’ombe, nukuu, dashi, vyote! Kona ya chini kulia inaonyesha enkodingi uliyopo, mimi nilikuwa naiangalia kila hatua.

Ila kabla ya Convert to ANSI weka kopi pembeni, nasema kweli. Herufi ambazo Windows-1252 haina zinageuka ? na zikishaseviwa hivyo hazirudi. Kuna mstari wa Kiarabu niliubandika baadaye ukiwa mzima, ukawa ?????? mtupu.

Programu ni ya bure, ni ya Windows tu, ipo tangu 2003 na ni nyepesi hata kwa mashine ya zamani. Nyota 5 naitoa kwa moyo mmoja. Ule mstari wa Kiarabu nimeuchukua kwenye kopi nikaubandika upya baada ya faili kurudi UTF-8, umekaa vizuri.