Kiyoyozi cha inverta kwa sisi tunaolala mchana: tathmini kutoka South B

Watu wengi wa Nairobi watakuambia kiyoyozi ni mambo ya Mombasa. Huku fungua dirisha upate upepo. Kwa nyumba nyingi wanasema kweli. Lakini mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Nyumba yangu iko ghorofa ya juu kabisa, juu yake hakuna kitu ila zege, na dirisha la chumba cha kulala linatazama magharibi. Februari, ikifika saa nane mchana, zege lile limeshiba jua, na nikifungua dirisha naletewa vumbi na honi za Barabara ya Mombasa. Muuguzi ambaye hakulala ndiye huyo huyo atakayekupimia dawa usiku, kwa hiyo usingizi wangu naushughulikia kama sehemu ya kazi.

Kiyoyozi nilichokikuta wakati nanunua nyumba kilitumia R-22, gesi inayoharibu tabaka la ozoni na ambayo nchi zimekuwa zikiiondoa sokoni kupitia Mkataba wa Montreal wa 1987. Kuipata kumekuwa shida, na ukiipata ni ghali. Halafu kompresa yake, ile pampu inayosukuma gesi, ilijua mambo mawili tu: kunguruma kwa nguvu zote au kuzima. Ikiwaka, taa za sebuleni zinafifia. Ikizima, joto linarudi. Ikiwaka tena, nami naamka. Kompresa ya inverta hubadilisha mwendo: huanza kwa kasi, chumba kikishapoa inapunguza na kuendelea polepole bila kuzima. Kwa mtu anayelala mchana, utulivu huo pekee ulinitosha kufungua mkoba.

Duka la kwanza nililoingia mjini, muuzaji alitaka kunipa mashine ya BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) bila kuuliza hata chumba kina ukubwa gani. Nikatoka. Mwenzangu wa wodini akanielekeza kwa mafundi wa karakana ndogo kule Viwandani, na hao ndio ninaowasifu hapa.

Fundi wao mkuu alikuja na tepu ya kupimia kabla hajataja bei yoyote. Alipima chumba (mita za mraba 14 hivi), akauliza jua linaingia saa ngapi, akapanda juu ya paa akaweka kiganja kwenye zege. Mimi nilikuwa nimewaza BTU 9,000. Akatikisa kichwa. "Sista, hizi namba za kwenye katoni ni za watu wa pwani." Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na feni ile ile huku inapitisha hewa kidogo kuliko ikiwa Mombasa. Yeye hupunguza karibu asilimia 15 kwenye namba iliyoandikwa, na kwa hesabu hiyo, pamoja na lile zege, 9,000 ingekuwa inakimbia kwa nguvu zote mchana kutwa. Akapendekeza 12,000 ya inverta, gesi ya R-32, yenye lebo ya nyota nyingi ya EPRA, mamlaka ya nishati, inayoonyesha haili stima sana. Nilimuuliza mbona asiniuzie kubwa zaidi. Akasema, "Utalipia nguvu ambayo hutaitumia, mama."

Kazi yenyewe ndiyo iliyonishawishi kuandika. Mtu mwingine aliyenipa bei nafuu alikuwa amesema angeunganisha mashine mpya kwenye mabomba yale yale ya zamani. Hawa walikataa katakata. Ndani ya mabomba ya R-22 hubaki mafuta ya aina nyingine yasiyopatana na ya mashine mpya, na R-32 hufanya kazi kwa shinikizo kubwa zaidi. Wakang'oa yote, wakapitisha shaba mpya na kuifunika sawasawa. Gesi ya zamani hawakuiachilia hewani, waliivuta kwa mashine wakaifunga kwenye mtungi.

Kisha wakafunga pampu ya kuvuta hewa, na hapo niliona tofauti ya fundi na fundi. Wengi huachia gesi kidogo isukume hewa nje, dakika mbili, wamemaliza. Hawa waliacha pampu ivute mpaka geji ikasoma chini ya mikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki ndani ya mabomba), wakafunga vali, wakakaa kitako wakitazama kama namba itapanda. Ikipanda, kuna tundu au unyevu, na unyevu ukibaki ndani huila kompresa polepole. Haikupanda. Nilikuwa nimetoka zamu na macho yananiuma, lakini nilisimama pale nikitazama ile geji kama ninavyotazama monita ya mgonjwa.

Mashine ilinigharimu shilingi 78,000, na kazi pamoja na shaba 24,000. Wakaniongezea kinga ya stima, kwa kuwa saketi za inverta haziwezi kustahimili umeme wa kwetu unaopanda na kushuka. Hiyo usiikwepe.

Lawama ninazo mbili. Walichelewa kuja bila kupiga simu, nami nikakosa usingizi wa siku nzima nikiwangoja. Na bomba la kutolea maji yanayotoka kwenye mashine walilielekeza vibaya, yakawa yanadondokea nguo za jirani wa chini. Mama wa watu alipanda juu na shuka mkononi, na alikuwa na haki. Walirudi kulirekebisha bila malipo, ila mtu anayejua kupima mikroni anapaswa pia kuchungulia chini ya balkoni.

Matumizi ya stima: huwa nalala kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, rimoti iko nyuzi 25. Kile cha zamani kilikuwa kikila karibu uniti sita kwa usingizi mmoja. Hiki hakivuki mbili na nusu, hata siku ya jua kali. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu Kenya Power huangalia wastani wako wa miezi mitatu, na ukivuka uniti 100 kwa mwezi unahamishiwa kundi ambalo kila uniti ni ghali zaidi. Mimi nimeshuka chini ya mstari huo.

Vichujio vinafunguka kwa vidole na naviosha kila mwezi. Vumbi la huku halikubali zaidi ya hapo.

Julai ndipo nilipopata faida ambayo muuzaji yeyote angepaswa kuitaja kwanza. Mashine hii hupasha joto pia, na kwa kuwa inahamisha joto la nje badala ya kuchoma koili, uniti moja ya stima inaleta joto la uniti tatu au zaidi. Hita yangu ya wati 2,000 nimempa dada yangu wa Limuru.

Sebuleni sitaweka. Kule kuna madirisha pande mbili na pazia zito linatosha. Nitakachowaita tena mafundi hawa wafanye ni kupaka paa rangi nyeupe ya kurudisha jua, kabla ya Januari, msimamizi wa jumba akikubali.